Nilivyoandaliwa kuchorwa tatuu Sinza: nyota nne kwa fundi anayejua kukataa pesa

Fundi aliyenichora alianza kwa kumkataa mdogo wangu. Tulikwenda wawili, kila mtu na pesa yake, na kati yetu yeye ndiye aliyekuwa na hamu zaidi. Alitaka jina la mwanawe kwenye kifundo cha mkono. Fundi hata hakuuliza jina lenyewe. Alimtazama masikio. Mdogo wangu ana makovu yaliyotuna nyuma ya ndewe zote mbili tangu alipotobolewa akiwa shule ya msingi. Akaulizwa: yanawasha? Yaliendelea kukua hata kidonda kilipokwisha kupona? Kwenye ukoo wenu yupo mwingine? Majibu yakawa ndiyo, ndiyo, na mama mdogo. "Basi dada, kwako sichori," fundi akasema. "Nenda kwanza kwa daktari wa ngozi. Akikuruhusu, rudi tuongee." Mdogo wangu akapandisha dau kwa elfu hamsini papo hapo. Akakataa tena.

Kovu la namna hiyo huitwa keloidi. Hukua mpaka likavuka mipaka ya kidonda kilicholizaa, na sisi watu weusi ndio tunaolipata zaidi. Tatuu nayo ni maelfu ya vidonda vidogo vilivyopangwa kwa ustadi. Nadhani mafundi wengi wa jiji hili la Dar wanalijua hilo. Ila kulijua ni jambo moja na kuiacha pesa ya mteja iondoke mlangoni ni jambo jingine. Ndiyo maana tathmini hii itakaa zaidi kwenye mambo yaliyofanyika kabla sindano haijanigusa. Mchoro wangu umependeza, lakini michoro mizuri ipo mingi mtandaoni. Maandalizi mazuri niliyaona hapa tu.

Jina la studio siliandiki kwa sababu mwenyewe ameomba hivyo. Yuko na msaidizi mmoja, anachora mtu mmoja asubuhi na mmoja mchana, na mwenye nyumba hapendi kuona watu wamejipanga koridoni. Wenyeji wa Sinza mtamfahamu tu.

Sasa mjue na mimi natazama mambo kwa jicho gani. Nafanya kazi hospitali, kitengo cha kutakasa vifaa. Mkasi uliotoka chumba cha upasuaji unapita mikononi mwetu kabla haujamgusa mgonjwa mwingine. Kwa hiyo nikiingia mahali penye sindano siwezi kuanza na picha za ukutani. Natazama sinki.

Kabla ya Sinza nilikwenda studio nyingine, mbali kidogo na hapo, yenye kiyoyozi na kochi la ngozi. Pazuri kweli. Nikauliza vifaa vinatakaswaje, nikaonyeshwa kabati dogo lenye taa ya bluu, lile lililo kwenye saluni za kucha. Kabati lile halitakasi kitu. Mwanga wake unafika upande unaotazama taa tu, na uchafu uliokaukia ndani ya mrija wa mashine unabaki umestarehe. Wakaniambia wanachemsha pia. Maji ya Dar yanachemka kwa nyuzi 100, na vipo vijidudu vinavyojifungia kwenye ganda gumu ambavyo kwa joto hilo havifi. Kazini tunatumia mvuke wenye shinikizo: nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika tatu au zaidi, na dakika hizo zinaanza kuhesabiwa vifaa vikishafikia joto lenyewe, siyo pale ulipobonyeza swichi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka nje ya mwili kwa siku saba na bado vikaambukiza. Nikashukuru, nikaaga.

Fundi wa Sinza hana kabati wala mashine ya mvuke, na hahitaji. Kila kinachogusa damu kwake kinatumika mara moja kisha kinatupwa. Sindano zake ni zile za katriji, yaani zimefungiwa ndani ya kichwa cha plastiki kinachochomekwa kwenye mashine, kila moja ndani ya pakiti yake, na alinipa nizisome mwenyewe bila kununa. Ukishika pakiti kama hiyo, tafuta vitu hivi: maandishi STERILE EO, maana yake zimetakaswa kiwandani kwa gesi ya ethilini oksidi, alama ya saa ya mchanga na tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na namba 2 iliyo ndani ya duara na kukatwa kwa mstari, yaani kisitumike mara ya pili. Hiyo ya mwisho haihitaji ujue lugha ya watu. Nikamuuliza pia kama katriji zina utando wa ndani unaozuia damu na wino kurudi kwenye mashine. Akafungua moja, akanionyesha, akaitupa. Mashine na waya wake vilivikwa nailoni mpya. Meza ilisafishwa kwanza kwa sabuni, ndipo akachanganya Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, upate klorini ya asilimia 0.5. Mpangilio huo wa sabuni kwanza ndio ulionifanya nimwamini, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu nguvu yake inaishia huko huko kwenye uchafu. Wengi wanamwaga dawa juu ya damu na kuona wamemaliza. Boksi la njano la sindano zilizotumika lilikuwepo, nikamuuliza likijaa linakwenda wapi, akanitajia zahanati yenye tanuri la kuchomea taka. Akacheka akauliza kama nimetumwa na serikali.

Ukishalipa advansi anakutumia maelekezo ya kujiandaa. Hapa ndipo nyota ya tano ilipoanza kuyumba. Maelekezo yanakuja kwa ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, na mimi niliusikiliza ndani ya daladala huku konda anagonga bati. Kila nilipotaka kukumbuka jambo moja ikabidi niusikilize wote upya. Yaliyomo ni mazuri mno kwa mtindo huo, kwa hiyo nayaandika hapa na maoni yangu.

La kwanza, kula. Alisisitiza hilo kuliko yote. Mtu anayekaa saa kadhaa akivumilia maumivu na tumbo tupu anaweza kuishiwa nguvu, akatoka jasho jembamba, akazimia kwenye kiti. Mwenzangu kazini alinishauri nisile ili nisitapike. Hayo ni ya wagonjwa wanaolazwa usingizi kwa upasuaji, siyo haya. Asubuhi hiyo nilipita kwa mama lishe wa Shekilango nikapiga supu ya ng'ombe na chapati mbili, maji ya kutosha, na nikabeba ndizi mbivu na juisi kwenye mkoba. Juisi ilinifaa katikati ya kazi.

Pombe hapana, kuanzia siku moja kabla. Inaongeza kutoka damu, wino unasukumwa nje, na mteja aliyelewa hajui anakubali nini. Siku yangu nilishuhudia. Mteja wa mchana alifika mapema, bado ananukia ya jana, akarudishwa nyumbani na advansi yake ikabaki. Alifoka kidogo. Sheria hiyo imo kwenye ujumbe wa sauti, dakika za mwisho mwisho, ambako nina shaka kama alifika.

Dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziachwe kama unazimeza kwa mazoea tu, maana zinachelewesha damu kuganda. Panado haina shida. Ila kama aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda umeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa sababu ya tatuu. Fundi anasema wazi kwamba mtu wa namna hiyo aende akamuulize daktari wake, na kama jibu ni usichore, basi asichorwe.

Swali lililonifurahisha ni la mkorogo. Anauliza kila mtu, mwanamke na mwanamume, bila kuzunguka: unapaka krimu ya kung'arisha ngozi? Tangu lini? Pamoja na mkono huo? Krimu nyingi za namna hiyo zina dawa za jamii ya steroidi, na steroidi ikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na vidonda vinachelewa kupona. Ngozi ya hivyo sindano inaizamia kupita ilivyokusudiwa. Nilimuuliza watu wanamjibu ukweli? Akasema wengi wanakataa kwanza, halafu anawaonyesha vifundo vya vidole vyao, ambavyo mkorogo huwa hauviwezi, wanacheka na kukubali.

Mafuta: siku chache kabla, paka ngozi mafuta ya kawaida kila ukioga ili isiwe kavu. Nilitumia ya nazi. Asubuhi ya siku yenyewe usipake chochote, hata manukato, kwa sababu karatasi ya mchoro, ile inayohamishia mistari kwenye ngozi, haishiki penye mafuta. Nywele usinyoe mwenyewe. Wembe wa jana usiku unaacha mikwaruzo na vipele, na sindano haipaswi kupita juu yake. Ananyoa yeye, kwa wembe mpya. Na jua: ukitoka Coco Beach umeungua mabega, usije kuchorwa begani. Aliongeza kwamba mwenye harusi ya pwani karibuni aahirishe kimoja kati ya viwili, kwa kuwa hakuna kuingia baharini mpaka kidonda kifunge, na hilo linachukua wiki mbili tatu, pengine nne.

Kuhusu harusi, likaja suala la hina na piko. Hina halisi ya majani haina neno, mradi isiwe mahali patakapochorwa. Piko nyeusi ndiyo inayomtia wasiwasi, na mimi nakubaliana naye. Huwa ni rangi ya nywele, yenye kemikali inayofupishwa PPD, na kuna watu inawatoa malengelenge ambayo yanafuata ua lile lile lililochorwa. Mtu akishapata mzio wa kitu hicho anaweza kudhurika tena hata akipaka rangi ya nywele tu. Kama uliwahi kuvimba kwa piko, mwambie fundi.

Kwenye ganzi tulikaribia kubishana. Kabla ya kuongea naye nilipita Kariakoo kutafuta krimu ya ganzi. Zipo tele, zimeandikwa asilimia za kutisha, nyingine hazijaandikwa asilimia kabisa. Lidokeini ndiyo dawa inayotumika humo, na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2024 ilitoa onyo juu ya krimu za ganzi za tatuu zilizokuwa na zaidi ya asilimia 4, kiwango cha juu kinachoruhusiwa huko kuuzwa bila cheti cha daktari. Ikipakwa eneo kubwa na kufungwa nailoni, kama wengi wanavyofanya, dawa nyingi inaingia mwilini na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege. Mimi hoja yangu ilikuwa kwamba kuna krimu za famasi zenye kiwango kinachojulikana, na zikitumika sawasawa hazina ubaya. Fundi hataki hata hizo kwa kazi ya mistari. Anadai ngozi inabadilika, inateleza na kuvimba, na mstari haukai. Nikamwachia. Kazi yake, mstari wake, ila maumivu yalikuwa yangu, kwa hiyo natoa dukuduku langu hapa.

Yapo mawili ambayo hakuyagusa na angepaswa. Moja ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mimi nimechanjwa kwa sababu ya kazi. Mtu mzima hupewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Kwa hiyo mwenye kupanga tatuu ya mwakani anao muda wa kutosha wa kuzimaliza. La pili ni kuchangia damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu aliyechorwa asubiri miezi 12 kabla ya kutoa damu. Mimi ni mchangiaji wa Damu Salama, nikaenda kutoa mapema, nikaacha mwili urudishe nguvu, ndipo nikapanga tarehe ya Sinza. Kama kuna ndugu yako anategemea damu yako, hilo lifikirie kwanza.

Na fomu ya ridhaa. Iko kwa Kiingereza, kurasa mbili, Sinza! Maswali yake yote ni ya maana: kisukari, kifafa, ujauzito, kunyonyesha, mzio, magonjwa ya ngozi, umri na namba ya kitambulisho. Fundi anakaa na kukutafsiria moja moja, kwa uvumilivu, lakini sahihi unaiweka chini ya maneno ambayo wateja wengi hawakuyasoma. Nikamwambia nitamwandikia ya Kiswahili bure. Bado nasubiri anitumie faili.

Mchoro wangu umetoka usoni kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa Mmakonde wa Newala, wa kizazi kilichochanjwa nembo: mistari ya pembe inayopanda na kushuka mashavuni, na mingine kwenye paji la uso. Walichanjwa kwa kisu, kisha masizi ya mkaa yakasuguliwa kwenye kidonda, na kidonda kikipona mstari unabaki na rangi ya bluu iliyokoza. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walikuwa nazo. Picha ya bibi tuliyonayo ni moja, nyeusi na nyeupe, ndogo ya pasipoti. Nilimpelekea fundi nikitegemea ataikuza kwenye simu na kuinakili.

Badala yake aliniuliza maswali. Bibi alikuwa wa ukoo gani? Mistari ya shavu la kulia na la kushoto ilifanana? Nipo tayari kuwauliza wazee wa Newala kabla hajaigusa? Nilipiga simu kwa mjomba, na kweli akasahihisha mstari mmoja ambao kwenye picha ulikuwa kivuli tu. Fundi naye alikuwa ameangalia vinyago vya mapiko, yaani vile vya kuvaa kichwani kwenye ngoma za Wamakonde, ambavyo baadhi yake vimebandikwa nembo kwa nta ya nyuki, aone mistari ile inavyopishana kwenye shavu la mviringo. Nilikuwa nimezoea kusikia fundi akikuuliza "unataka saizi gani" basi.

Saizi nayo tulivutana. Nilitaka kitu kidogo, cha upana wa vidole viwili. Akakataa, na sababu zake nilizielewa. Wino unawekwa ndani ya ngozi kiasi cha milimita moja hadi mbili. Ukizidi hapo unatawanyika na mstari unatoka ukungu. Hata ukiwekwa sawasawa, miaka inavyokwenda mstari hunenepa. Mistari mingi iliyobanana ndani ya eneo dogo itakuja kukutana na kuwa doa. Kwenye ngozi yetu pia kinachosomeka ni weusi kamili ukipakana na ngozi iliyoachwa wazi. Kijivu chepesi na rangi za njano au nyeupe hazichukui muda kupotea machoni. Akachora upana wa kiganja, akaacha nafasi kati ya mstari na mstari. Leo nikiitazama namshukuru.

Mahali nilichagua mwenyewe: mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, chini ya bega. Kazini tunaacha mikono wazi chini ya kiwiko kwa ajili ya kunawa, na sikutaka maswali ya wagonjwa. Fundi anao utaratibu mzuri kwa vijana. Kila kijana wa kiume au wa kike anaulizwa kama ana mpango wa kuomba kazi polisi, uhamiaji au magereza. Matangazo ya ajira za huko yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Akisema ndiyo, fundi anamshauri aende akafikirie, na advansi anamrudishia. Nimesikia watu wazima wakijutia jambo hili, na sijawahi kusikia fundi mwingine analiuliza.

Mama alinitumia ujumbe mfupi: Mambo ya Walawi 19:28. Nikamjibu kwamba bibi alizikwa na kwaya nzima ya parokia na nembo zake usoni. Akanyamaza siku nzima, halafu akauliza kama nimekula.

Siku yenyewe ilikuwa fupi kuielezea. Nilipangiwa saa tatu asubuhi, na usikubali mchana wa Dar kama unaweza kuepuka. Jasho linang'oa karatasi ya mchoro kabla haijakauka. Vaa nguo nyeusi isiyobana, kwa sababu wino ukirukia nguo hautoki. Mimi nilivaa blauzi ya mikono mikato na kanga ya kujifunika, maana ukikaa bila kutikisika mwili unapoa hata kama nje kuna joto. Rangi ya zambarau ya karatasi ile haionekani vizuri kwenye ngozi yangu, akaipitia kwa kalamu ya ngozi nyekundu. Aliibandika, tukasimama mbele ya kioo, nikashusha mkono, nikapinda kiwiko, mistari ikaonekana imekaa upande. Akaifuta yote akabandika upya bila kuguna. Tukasubiri robo saa ikauke. Katikati ya kazi umeme ukakatika, na mashine yake ni ya betri, taa nayo ya betri, hatukusimama hata kidogo. Feni ndiyo iliyolala, na hapo niliyakumbuka makochi ya ile studio ya kiyoyozi. Muziki wake ni mkubwa mno pia. Nilimwomba apunguze, akapunguza kwa wimbo mmoja.

Maumivu? Mistari ya nje inavumilika. Sehemu ya ndani ya mkono, inayogusa kwapa mkono ukilala, ilinifanya nihesabu mabati ya dari. Ilichukua kama saa tatu pamoja na mapumziko.

Vitu vya kununua mapema viwe nyumbani kabla ya kwenda, kwa sababu ukirudi hutataka kuzunguka madukani. Sabuni isiyo na harufu ilinisumbua kuipata. Hata nyingi za watoto zina manukato. Ulizia famasi, usichukue sabuni ya dawa inayochoma pua. Taulo za karatasi za kukaushia, maana taulo la kitambaa linabaki na unyevu na kila kilichokuwa humo. Shuka safi ya rangi nyeusi au usiyoipenda. Fundi anauza mafuta yake ya kopo dogo kwa elfu kumi na tano, na sioni sababu ya bei hiyo. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kopo jipya ambalo hakuna aliyechovya kidole, yakipakwa kidogo sana kwa mkono uliooshwa, yalinitosha. Plasta ya uwazi aliyonibandika imo kwenye bei, na alinionyesha jinsi ya kuibandua kwa maji ya uvuguvugu badala ya kuivuta.

Nililipa laki mbili, ndani yake advansi ya elfu arobaini. Studio ya kabati la bluu ilitaka laki na ishirini kwa mchoro huo huo. Nafasi zinajaa wiki tatu nne mbele, Jumapili hafanyi kazi, na choo kiko ng'ambo ya koridoni kwa hiyo kitumie kabla hajavaa glavu. Ukiweka advansi, mwambie akutumie maelekezo kwa maandishi. Tukimwomba wengi atachoka, ataandika.